Mashine ya Kuandikia Bila Kutazama

Mama Taipu hakuwa na mazoea ya kutazama vidole vyake akiwa kazini. Miaka thelathini na moja alikaa barazani pa posta akiwapigia watu barua na malalamiko yao, macho yake yakiwa usoni mwa anayesema. Huko usoni ndiko alikojulia penye uongo, penye aibu, na pale ambapo neno moja lingetosha badala ya kumi. Enzi hizo barua ilikuwa barua. Mtu alifikiri kwanza, ndipo akafungua kinywa. Siku hizi wanabonyeza kwa dole gumba huku wanatafuna.

Lakini tepe za wino za taipureta zilikwisha madukani, na ya mwisho ikatoboka kama chandarua kuukuu. Akachukua akiba yake ya miaka minne, ya kutosha mashine moja tu, akaenda duka la kompyuta na wifi yake, mjane wa kaka yake, bingwa wa kushusha bei. Akikosea hapa, kazi imekwisha.

“Shikamoo, mama,” muuzaji alisema, akawawekea kompyuta mpakato mpya, nyembamba kama sahani.

“Marahaba. Mbona vitufe vimelala hivi? Vinaumwa?”

“Ndio mtindo, mama. Watu wanataka wembamba, basi na vitufe vimepunguzwa ili kifuniko kifunge.”

“Chomoa kimoja nione.”

Muuzaji akacheka, kisha akaona hatanii, akachomoa. Chini palikuwa na kijipira kama kofia ya uyoga. Mama Taipu akakibonyeza kwa ncha ya kidole, mara ya pili, ya tatu. Kitufe cha taipureta kilizama mpaka kidole kikajua kimefika. Hapa kidole kiligonga sakafu kabla ya kuanza safari.

“Wifi, sema barua yoyote.”

Wifi akamshitaki jirani wa kubuni ambaye jogoo wake huwika saa nane mchana. Mama Taipu akapiga akimtazama. Walipogeukia kioo, herufi zilikuwa zimerukana kama panzi.

Mashine ya pili ilikuwa na vitufe vizuri, ila bei yake ilimfanya wifi avute kiti akae.

“Na ile ya chini?” Mama Taipu aliuliza, akionyesha kompyuta nene iliyotumika, pembe imechubuka.

“Ile bei yake sawa na hii mpya nyembamba. Betri haifikishi saa mbili.”

“Posta kuna umeme. Na vitufe virefu hivi ni kwa nini?”

“Zilitengenezwa kwa watu wa ofisini, mama. Wa kushinda wanaandika.”

“Wifi yangu una wazimu!” wifi alisema. “Uache kijana uchukue mzee, kwa mahari ile ile?”

“Sema barua.”

Wifi akakohoa kwa madaha. “Mwanangu mpendwa, uliyesahau njia ya posta. Mimi mzima, ila meno mawili yameniaga bila kuniandikia, kama wewe.”

Muuzaji akaangua kicheko. Vidole vya Mama Taipu vilizama na kuibuka.

“Mwaka wa sita huu. Ukipiga simu una haraka. Kitanda chako bado nakitandika kila Jumamosi.” Sauti ilikuwa ile ile ya mzaha, lakini Mama Taipu aliona kidevu kikicheza. Mikono yake haikusimama. “Sikudai kitu. Niambie tu unakula na nani.”

Muuzaji alikuwa ameacha kucheka. Ndipo Mama Taipu akainamia kioo. Kila neno lilikuwa mahali pake, hata mikato.

“Naichukua hii,” alisema.

Wifi, ambaye hakuwahi kutoka dukani bila kuomba punguzo, leo alisahau hata bei. Akajifuta pua kwa ncha ya mtandio. “Basi ifute hiyo. Nilikuwa nacheza.”

“Nilikuwa nakutazama, wifi. Hukucheza.” Mama Taipu akarudisha vidole juu ya vitufe. “Nitajie anwani yake.”