Kijikaratasi cha Maji ya Samaki

Juzi nilimkuta mdogo wangu Trésor, niliyemlea tangu wazazi walipofariki, akibadilisha maji ya samaki wake. Alichovya kijikaratasi akangoja rangi, nami nikacheka peke yangu.

Papa, baba yetu, naye alifuga samaki katika sanduku la kioo sebuleni tulipokuwa wadogo. Alikinga maji ya bomba yaliyonuka javeli, ile dawa ya kuulia vijidudu, akatia mawe ya chokaa ndani ya beseni, kisha akayapima kwa kijikaratasi. Kikigeuka njano, samaki wangeumwa. Kikiwa kijani, wangeingia. Leo najua kinapima uchachu wa maji tu, lakini wakati ule niliamini kinajua nani ataishi.

Alasiri moja Papa alitoka kidogo. Trésor alikuwa akimumunya ndimu yenye chumvi, nikamwekea kijikaratasi ulimini. Kikawa chekundu. Rangi hiyo sikuwahi kuiona hata kwa maji mabaya. Nikamlaza mkekani, nikamtia jiwe la chokaa mdomoni kama Papa alivyotibu maji, nikamshika mkono huku nikilia kimyakimya.

Papa, aliyezoea kuniita Mama kwa mapenzi, akatukuta hivyo. "Mama, unamufanya nini mutoto?"

"Atakufwa, Papa. Iko rouge."

Papa alinusa mdomo wa Trésor, akacheka mpaka akakaa chini. "Ile ni ndimu tu, Mama."

Akalitoa jiwe, akamnywesha maji, na baada ya muda akampima tena mbele yangu ili nitulie. Kijani.

Trésor akainuka, akavua shati. "Sasa miye naweza kuingia mule mu maji ya samaki?"