Mfiwa Jikoni

Bi Mahfudha wa mtaa wa Mawaleh, Maskati, alikuwa na ulimi mkali. Wakwe zake waliuogopa, na wanafunzi aliowasomesha jiografia mpaka akastaafu walikuwa wakiuigiza akishawapa mgongo. Alizaliwa Unguja, akaletwa Maskati angali mtoto wa mgongoni, na rangi yake aliirithi kwa bibi yake mzaa mama, nyeusi tititi. Haikuwahi kumkera mpaka siku walipokuja watu kumposa binti yake, Khulood. Walikunywa kahawa, wakala halua, wakasifia nyumba, kisha wakapeleka salamu kwamba wameangalia vizuri na asili hazilingani.

Tangu siku hiyo hakunyamaza tena. Mtoto akiitwa "khadim" skuli kwa sababu ya nywele zake, yaani mtumwa, mama yake alijua wa kumpigia simu. Bi Mahfudha alijitanda baibui lake akaenda kumwona mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu alijuta kuzaliwa.

Vita vya Gaza vilipochacha, wanawake wa nyumba za Waswahili walianza kukutana sebuleni kwake kila Ijumaa baada ya alasiri. Waligawana juzuu wakasoma khitma kuwaombea waliouawa, Gaza kwanza, kisha na Sudan pia, baada ya Bi Mahfudha kuuliza kwa ukali kama damu ya watu weusi ni maji. Walikubaliana bidhaa gani hazitaingia majumbani mwao. Walizungumza na juu ya watoto wao na majina wanayoitwa. Hawakuwa watu wa kubeba mabango, lakini kususa waliweza, na walisusa kwelikweli. Mwisho wa kikao ililetwa pilau.

Pilau hiyo aliipika Wambui, msichana wa Kikenya kutoka Nyeri, aliyekuwa mwaka wake wa tatu wa kazi katika nyumba ile. Wanawake walikuwa wakitaniana kwamba nusu ya thawabu za khitma ni zake.

Siku moja Wambui akipiga pasi, simu yake ililia, naye akakaa chini sakafuni pasi ikiwa bado mkononi. Mdogo wake, Wesley, alikuwa ameahidiwa kazi ya ulinzi Ulaya na wakala mmoja mwenye maneno matamu. Alipofika akavishwa magwanda, akapewa bunduki, akapelekwa mstari wa mbele katika vita asivyovijua chanzo wala mwisho. Sasa amekufa, na hata maiti haikujulikana iko wapi.

Bi Mahfudha alilia naye, na machozi yake hayakuwa ya uongo. Alimlaani wakala, akawalaani wanaonunua vijana weusi kwa bei ya mkate wawafie. Akampumzisha kazi siku mbili.

Siku ya tatu Wambui alimfuata.

"Mama, kila Ijumaa Wakenya tunakutana kwa Jackie, kule Sib. Ijumaa hii tunarekodi video ya kutuma nyumbani. Kuna vijana wa kwetu wamedanganywa hivyo hivyo, wanangoja tu tiketi. Wanataka mimi niongee, kwa sababu ni ndugu yangu."

"Ijumaa hii?" Bi Mahfudha akashika kichwa. "Mwanangu, nna watu, unajua. Ijumaa ijayo utakwenda, inshallah."

"Sawa, Mama."

Ijumaa ijayo ilifika na Bi Mahfudha amesahau. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloudhi. Alisahau kama mtu anavyosahau jambo lisilomhusu, akamwagiza Wambui aongeze mchele maana siku hiyo wageni watakuwa wengi. Wambui hakumkumbusha. Alimenya vitunguu, akavikata.

Khitma ikasomwa, dua ikaombwa kwa sauti ya kuliza, masinia yakaingia. Bi Shaikha, mkubwa wao kwa umri, alimshika Wambui mkono alipokuwa akiinama kuweka maji.

"Macho yako yamevimba, mwanangu. Una nini?"

"Nimefiwa na ndugu yangu. Amekufa kwa vita."

"Lini?"

"Haijafika wiki mbili."

Bi Shaikha akautoa mkono wake kwenye sinia na tonge yake akaiacha palepale.

"Mahfudha! Huyu kafiwa, na jikoni yumo yeye? Mie sijaona katika umri wangu mfiwa akawapikia watu. Mfiwa hukalishwa. Sisi ndio tunaokwenda na masufuria yetu."

"Lakini Bi Shaikha," alisema Nadra huku akikamua ndimu, tena bila ubaya wowote, "huyu si wa dini yetu. Halafu ni mfanyakazi. Ndiyo kazi iliyomleta."

Bi Mahfudha alifungua mdomo amchambue Nadra kama karanga, kisha akaufumba. Nadra alikuwa amesema kwa sauti tu yale ambayo yeye mwenyewe ameyatenda kwa wiki nzima. Ndiyo hesabu ile ile ya wale waliomkataa Khulood: kwamba watu wana madaraja, na msiba wao pia una madaraja. Na yeye ameipiga hesabu hiyo ndani ya nyumba yake, juu ya mtoto wa watu aliyemwita mwanangu. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto.

Alisimama. "Wambui, vaa viatu. Nnakupeleka Sib."

"Sasa hivi? Na sisi wageni?" aliuliza Nadra.

"Mlango mnaujua."

"Usende mikono mitupu," alisema Bi Shaikha.

Basi Bi Mahfudha akakimbilia jikoni, akaifunga kwa taulo sufuria iliyobaki, akaiweka kiti cha nyuma. Njiani aliuliza Wesley alikuwa na umri gani. Ishirini na tatu, alijibiwa. Wambui ndiye aliyemsomesha.

"Nisamehe, mwanangu."

"Sawa, Mama," alisema Wambui, kwa sauti ile ile ya siku ile, akiangalia barabara.

Jackie, msusi wa saluni karibu na soko la Sib, aliwafungulia mlango. Ndani watu wachache walikuwa wamekaa chini, na simu imeegemezwa kwenye kopo ikingoja. Alimkumbatia Wambui kwa muda mrefu.

"Tulikungoja Ijumaa iliyopita. Vijana wawili wamesafiri Jumatano. Wamebaki watatu, na mama zao wanasema wanataka kukusikia wewe."

Bi Mahfudha, mlangoni, sufuria mikononi, alisikia kila neno. Ijumaa iliyopita wale wawili walikuwa bado kwao.

Ndipo Jackie alipomwona. Aliipokea sufuria kwa mikono miwili, akafunua, na harufu ya bizari na mdalasini ikajaa chumba.

"Asante sana, mama," alisema, na macho yakamlengalenga. "Mungu akubariki kwa kumpikia Wambui."

Bi Mahfudha, na ulimi wake wote ule, akainama kuvua viatu.

"Nimepika mimi," alisema Wambui, akaenda kukaa mbele ya simu.