Shehe wa Ghorofa ya Nne

Kazi yangu ni kupanga vitabu vilivyotumika kwenye ghala moja huko Midrand. Humo nimekutana na Wayahudi watatu, wote kwenye karatasi: watu waliolelewa ndani ya dini, wakaiacha, kisha wakaandika maisha yao. Mmoja anasimulia alivyopanda basi siku ya Sabato kwa mara ya kwanza, akimtafuta baba yake kwa macho kila kituo. Baba mwenyewe alishafariki. Nilicheka peke yangu, maana wangu pia yuko kaburini na bado ananisimamia.

Nilihifadhi Kurani Tanga, kwa bakora ya baba. Imani ilinitoka taratibu, lakini maneno yalibaki. Kwenye fleti yetu ya ghorofa ya nne huku ughaibuni, Berea, tuko Watanzania sita, na mimi ndiye ninayesalisha, kwa sababu wenzangu hata kwenye dua ya Kunuti wanababaika. Nimewasalisha miaka minne bila kuamini, na tangu mwaka jana bila udhu. Hilo la udhu linanitia aibu kuliko la imani.

Jumapili moja mchana niliamua kuwaambia. Nilishaandaa sentensi mbili tu. Nikamkuta mmoja wetu, mzee fundi cherehani ninayelala naye chumba kimoja, amekaa sakafuni na simu mkononi. Mama yake alikuwa amezikwa Pangani asubuhi ile, na yeye hana karatasi za kumwezesha kwenda na kurudi.

"Shehe, nisomee mama," alisema. "Eish, mie hata Yasini imenipotea."

"Mzee, mimi si..."

"Najua, umechoka na kazi. Nisomee tu."

Nilikwenda bafuni nimekasirika. Nilimkasirikia yeye, na baba, na wale Wayahudi watatu walioeleza vizuri namna ya kutoka kwenye dini wasiseme lolote kuhusu anayekushika kanzu usiondoke. Kisha nikafungua bomba nikachukua udhu, kiungo kwa kiungo. Sikuweza kumsomea mama wa mtu hivi hivi.

Nilisoma Yasini yote bila kukwama, kwa sauti ya baba kabisa. Mzee alilia, akajifuta uso, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Sasa hata nikifia huku sina wasiwasi," alisema. "Wewe upo."

Zile sentensi mbili nilikuwa nazo bado.

"Nipo, mzee," nikasema.