Nyumba Iliyojihudumia

Mpwa wa fundi mmoja niliyefahamiana naye zamani alinipigia simu kutoka Same Jumatatu asubuhi, nikiwa nanyoa ndevu, akaniambia mjomba wake amefariki na mazishi ni Jumatano. Sikulia. Tulikuwa watu wa kufahamiana zaidi kuliko marafiki, na tangu nihamishwe kutoka shule ya milimani nilikokuwa nikifundisha karibu na kwake tuliandikiana barua mbili tu. Lakini baadhi yenu wasomaji mmekuwa mkiniuliza maoni yangu kuhusu hizi nyumba za kisasa zinazowasha taa zenyewe na kufungua geti kwa simu, nami nimekuwa nikikwepa. Leo sikwepi, kwa sababu mtu wa kwanza niliyemwona akipanga nyumba ya namna hiyo ni marehemu huyu, katika miaka ya Ujamaa, kwenye mlima ambao nguzo ya umeme ilikuwa haijaupanda.

Alikuwa fundi wa mitambo katika shamba la mkonge huko tambarare. Alikuwa akipanda nyumbani kila Jumamosi jioni na kushuka Jumatatu alfajiri. Mkewe alikuwa amepoteza macho angali kijana, na hawakujaliwa mtoto. Kaka zake yule mama, watu wa kijiji cha Maore, walichoka kusikia kwamba dada yao anashinda peke yake wiki nzima, wakampa shemeji yao muda mpaka mvua za vuli: ama aache kazi, ama wamchukue dada yao. Yeye kazi aliipenda, na mama hakutaka kuhama. "Nyumba hii naijua kwa miguu," aliniambia. "Huko Maore nitakuwa mgeni mpaka nife."

Jumapili moja, baada ya ibada, fundi alinijia. "Mwalimu, shikamoo sikupi, wewe ni mdogo kwangu. Nipe daftari, na uje nalo nyumbani." Nikamfuata. Alijifunga kitambaa machoni, akamwomba mkewe afanye kazi zake zote za siku, na yeye fundi akawa anazirudia nyuma yake. Kazi yangu ilikuwa kuandika kila mahali mkono ulipohitajika: kufungua banda la kuku, kuchota maji, kutafuta mlango wa choo. "Fundi, hapo pana jiwe," mama alisema, lakini fundi alikuwa ameshalipiga teke. Mama alicheka hadi akakaa chini. Tulijaza kurasa kumi na moja, nami nilijiona nimeshiriki jambo la maana.

Kwa wiki kadhaa akafunga kamba, waya na magurudumu ya kapi aliyookota kwenye vyuma chakavu vya shamba. Kamba moja ilimwongoza mama kutoka jikoni hadi chooni, nyingine ilifungua banda la kuku kutoka kitandani, na geti lilipoguswa kengele ya ng'ombe ililia ndani. Lakini fahari yake ilikuwa maji. Asiyeijua Upare aelewe kwamba huko maji ya kumwagilia hukusanywa usiku katika ndiva, bwawa la jadi la udongo, na asubuhi hushuka kwa mfereji kwa zamu. Aliyemaliza zamu huenda kwa mwenzake akamwambia, "Maji yako hayo." Kwa mama huyu, jirani wa juu ndiye aliyekuwa akija, akimfungulia mfereji na kupiga soga kidogo kabla ya kuondoka. Fundi akaweka kilango cha mbao chenye boya la kibuyu. Maji yakifika yaliingia yenyewe bustanini na kwenye pipa, na pipa likijaa kilango kilijifunga, maji yakaendelea kwa jirani wa chini. Wazee wa mfereji walikuja kukagua wakaridhika. Balozi wa nyumba kumi alitangaza mkutanoni kwamba huko ndiko kujitegemea. Kaka za mama walikuja, wakavuta kila kamba, wakala, wakarudi Maore bila dada yao.

Miezi michache baadaye, akafariki bibi mmoja wa kule juu, karibu na ndiva. Ndiye aliyemfundisha mama yule kusuka vikapu alipopoteza macho, na ndiye aliyemfanya, kwa maneno ya mama mwenyewe, awe mtu tena. Huko siku ya mazishi jembe halishikwi, na maji huachwa yapite mferejini hadi korongoni, hakuna anayeyaelekeza shambani kwake. Tulipotoka kuzika tukapita kwa fundi, tukakuta bustani imelowa. Wazee wakasukuma geti, kengele ikalia, mama akatoka akitabasamu.

"Shikamooni."

"Marahaba. Mama, mbona leo umemwagilia?"

"Kwani leo si zamu yangu?"

"Leo tumemzika bibi wa kule ndivani, mwanangu."

Alisimama ameshika kamba yake. "Aliyekuwa akiniletea habari ni jirani," akasema. "Siku hizi maji yanakuja yenyewe, na hayana mdomo. Mmemzika bila mimi." Wazee walikuwa wamekuja na adhabu ya kumtoza, lakini hakuna aliyeitaja. Jirani wa juu alijifunika uso kwa khanga. Kila mmoja wetu alidhani mwenzake amemwambia. Mimi mwenyewe nilipita mbele ya geti lile asubuhi, nikaenda zangu. Niliona aibu, na bado ninayo.

Jumapili iliyofuata nilimkuta fundi akikibomoa kilango. Nikamwambia ni hasara, tungemtafuta tu mtu wa kumpasha mama habari. Hakuinua kichwa. "Mwalimu, tuliandika mikono yote," akasema. "Mdomo wa jirani hatukuuandika." Alijua kwamba habari za kilango kubomolewa zikifika Maore anaweza kumpoteza mkewe, na zilifika. Kaka wale walipokuja tena, jirani wa juu alisimama uani kabla fundi hajafungua kinywa. "Dada yenu haendi popote," akawaambia. "Maji yake nitamletea mimi." Wakamtazama dada yao. Alikuwa tayari ameketi, kikapu mapajani, anasuka.

Jumatano hii nilikwenda kumzika fundi. Kengele ya geti ipo bado, na ililia mfululizo mpaka kijana mmoja akataka kuiziba kwa tambara. "Iacheni," mjane akasema. "Nataka kujua waliokuja kumzika." Nililala huko. Alhamisi ilikuwa zamu yake ya maji, na asubuhi binti wa yule jirani, naye sasa mtu mzima mwenye wajukuu, alikuja na jembe kuufungua mfereji.

"Shikamoo, mama. Maji yako hayo."

"Marahaba, mwanangu. Kaa kwanza. Huko juu kuna habari gani?"

Kwa hiyo mnaoniuliza, jibu langu ni hili: nyumba za kujihudumia jengeni, marehemu angezipenda kuliko sisi sote. Ila kabla hamjamwondolea mtu kazi ya kuja kwenu, ulizeni kwanza alikuwa akija na nini kingine. Daftari lile ninalo hadi leo. Jana usiku nilifungua ukurasa wa kumi na mbili, ambao tuliuacha mtupu, nikaandika jina la jirani.