Mtengeneza ngozi aliyepigiwa kura akiwa mlangoni

Saa mbili asubuhi, Mama Chokaa anaitandaza ngozi ya ng'ombe juu ya gogo, anaibana kwa tumbo na kuanza kuikwangua kwa kisu chenye mishikio miwili. Mafuta na mabaki ya nyama yanadondoka ndooni.

"Ukisimama katikati inakauka, inakupa kazi mara mbili," anasema bila kuinua kichwa. "Karibu ukae. Harufu utaizoea. Mimi, harufu yenyewe ndiyo iliyonizoea."

Ana miaka hamsini na minne. Jina hilo alipewa na wenzake kiwandani kwa sababu ya viganja vyake, vilivyopauka kwa chokaa ya kulowekea ngozi. Kwa siku anamaliza ngozi kumi na mbili. Jioni anakuwa katibu wa chama cha watu wa ukoo wake, wanachama elfu mbili na mia tatu. Chama hicho ndicho kilichomfikisha, mwaka jana, kwenye mlango wa mkutano wa kimataifa wa kupinga ubaguzi wa rangi.

Mlangoni tu, ndani hakuingia.

Ukoo wao umeshika kazi ya ngozi tangu enzi za mababu, na majirani hawaoi kwao. Hata aliyeiacha kazi hiyo, kama shemeji yake, mwalimu mstaafu na mwenyekiti wa chama, akienda msibani hutengewa kikombe chake peke yake.

Chama kiliomba kibali cha kushiriki mkutano. Miezi mitatu baadaye ikaja barua: serikali yao wenyewe imeweka pingamizi. Ilidai kwamba suala lao ni la kazi na mila, halihusiani na ubaguzi wa rangi. Kwa kanuni za mkutano, chama kilipewa siku kumi na nne kujibu kwa maandishi, kisha wajumbe wa nchi zote wapige kura.

"Wanasema ni kazi," anakumbuka. "Nina mjukuu wa miaka minne. Yeye kafanya kazi gani?"

Swali hilo likawa sentensi ya kwanza ya jibu. Aliandika kwenye daftari, na mkwe wake, mke wa mwanawe, akachapa kwenye kompyuta ya duka la vitabu anakofanya kazi. Zikatoka kurasa sita.

Siku moja kabla ya kura, mjini kwenye mkutano, mama mmoja wa shirika kubwa la haki za binadamu aliwapa, yeye na mwenyekiti, beji moja ya ziada. Mama Chokaa angeweza kuingia kama mtu wa shirika hilo.

"Chukua, shemeji," mwenyekiti alimsihi. "Tumetoka mbali. Tukirudi bila kuingia, tutawaambia nini watu?"

"Na nikiulizwa mle ndani mimi ni nani, nitajibu nini?" Akairudisha beji kwa shukrani. Anakiri kwamba baadaye roho ilimuuma.

Kesho yake alikaa kwenye kiti cha plastiki nje ya ukumbi, akifuatilia kura kwenye runinga ya ukutani. Waliokubali chama kiingie, thelathini na wanane. Waliokataa, arobaini na wanne. Shemeji yake alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu.

Milango ilipofunguliwa kwa mapumziko, wajumbe walitoka na karatasi mikononi. Zilikuwa zile kurasa sita. Kanuni inataka jibu la chama kilichopingwa litafsiriwe na kuwekwa kwenye kila meza. Vyama vilivyopita bila pingamizi vilipewa dakika tatu siku ya mwisho, nusu ya viti vikiwa vitupu.

"Nisingepingwa, nani angenisoma?" anasema, mabega yakitikisika kwa kicheko. "Serikali ndiyo iliyonichapishia."

Kijana wa ujumbe wa nchi yao, aliyesoma pingamizi, naye alitoka. Akamwamkia.

"Shikamoo, mama. Nilisoma nilichopewa tu."

"Marahaba, mwanangu. Najua. Lakini ukipita kwetu, utakunywa maji?"

"Hakuondoka," anasimulia Mama Chokaa. "Alisimama pale pale mpaka kengele ikalia."

Tamko la mwisho la mkutano halikuwataja hata kwa neno moja. Yeye alirudi kazini Jumatatu.

Mkutano mwingine utakuwa mwakani, na ombi limeshatumwa. Safari hii hawakusubiri pingamizi. Wamekusanya ushuhuda wa watu mia mbili na kumi na wawili, na jibu liko tayari, kurasa arobaini.

"Wakipinga, watazitafsiri zote," anasema, akiigeuza ngozi upande wa pili. "Lakini ningependa wasipinge. Mkwe wangu ndiye atakayezungumza. Kachapa kila neno, analijua kwa kichwa. Mimi nitakaa nyuma nimsikilize."

Amekubali?

Mama Chokaa anaweka kisu chini kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Jana kaniuliza atavaa nini."