Siku Arubaini Bila Sindano

Kwetu Likoni baridi yabisi ilijulikana kuwa ni maradhi ya wazee. Kwa hiyo asubuhi niliyoamka na goti lililovimba, nami nina miaka kumi na miwili tu, watu walicheka. "Haya bibi kizee, bakora yako iko wapi?" Mama hakucheka sana, lakini hakuogopa pia. Alinikanda kwa mafuta ya simsim yaliyopikwa na kitunguu saumu, na baada ya siku mbili goti likanywea. Tukashukuru Mungu. Kesho yake ukavimba mguu wa pili. Kisha kifundo cha mkono. Kila nilipopona hapa palivimba pale, na mama akawa anaufuata ugonjwa na chupa yake ya mafuta kama mtu anayefukuza kuku uani. Aliogopa siku niliyopanda vidato vitatu vya barazani kwetu nikaketi chini, nahema, midomo imenigeuka rangi.

Tukavuka feri, nikalazwa hospitali ya kisiwani miezi mitatu. Daktari alikuwa Mhindi mfupi mwenye Kiswahili cha dukani, lakini maneno yake yalifika. Alimuuliza mama kama niliumwa na koo wiki chache nyuma. Mama akasema ndiyo, lakini koo si kitu, mtoto gani haumwi na koo? Daktari akatikisa kichwa. Akasema homa hii ya viungo huanzia hapo kooni. "Kwa goti yeye pita tu," alisema. "Kwa moyo yeye kaa." Moyoni mwangu mlikuwa na kijimlango cha kupitisha damu, nacho kimepata kovu. Homa ikirudi kitapata kovu jingine, na jingine, mpaka siku kitakapokataa kufunguka. Ili isirudi, nichomwe sindano kila mwezi, bila kukosa, mpaka niwe mtu mzima.

Kitanda cha pili yangu alilala msichana wa Changamwe, mkubwa wangu kwa miaka kama minne. Ndiye aliyenifundisha kufuma vitambaa vya meza. Naye alikuwa na moyo kama wangu, naye alipewa sindano, ila maumivu yalipokwisha watu wa kwao waliona mtoto mzima achomwe ya nini, wakamwachisha. Sasa amerudi na miguu iliyojaa maji, analala ameketi. Siku moja baada ya chakula cha mchana walizungushia kitanda chake pazia, na mimi muuguzi akanipeleka varandani kutazama miti. Niliporudi kitanda kimetandikwa shuka safi. Nilikuwa mtoto, lakini si mjinga. Tangu siku ile sikuipinga sindano. Nililia, kulia nililia, maana dawa yenyewe nyeupe, nzito kama uji wa mchele, na ikiingia pajani mguu unakufa ganzi hadi jioni. Lakini nilikwenda mwenyewe.

Mama aliifanya kuwa siri. Nisimlaumu sana. Baba alikwisha fariki, mimi ndiye binti yake wa pekee, na mjini neno likishatoka halirudi. Nani atakuja kuposa msichana mwenye moyo mbovu? Mwezi ukiandama tu, kesho yake twavaa mabuibui twaenda zahanati, na tukiulizwa njiani twaenda wapi, twaenda kumjulia hali shangazi. Shangazi mwenyewe alikuwa Lamu, mzima wa afya, anakula pweza. Hata somo wangu, yule mama aliyenifunda mambo ya unyumba, hakuambiwa kitu.

Nikaposwa. Kijana wa Kisauni, karani wa bandarini, mpole, mwenye kucheka kwa macho. Nilimtaka, kusema kweli. Nikamwuliza mama, "Nimwambie?" Mama akanishika mikono yote miwili. "Ukishazaa ndipo umwambie. Sasa hivi nyamaza, mwanangu, wallahi utanivunja."

Basi nikanyamaza. Na hapo ndipo kosa lilipokaa. Kabla ya harusi niliwekwa ndani kusingwa, ngozi ing'ae, wiki mbili sitoki. Mwezi ukaandama nami nimepakwa liwa ya manukato mwili mzima, na mama akasema tutakwenda baadaye. Ikaja harusi, nikapelekwa Kisauni, upande wa Mtopanga, nyumbani kwa mavyaa wangu, mama wa mume wangu. Fungate ni siku saba, kila mtu ajua. Lakini nyumba ile ilikuwa na ada yake ya ziada, ya tangu mabibi na mababu: bi harusi havuki kizingiti mpaka zitimie siku arubaini. Mama alilijua hilo. Alihesabu kwa vidole, akasema arubaini si mwaka. Naye akiamini kweli, kwa kuwa miaka yote ile sikuwa nimeugua tena, kuwa nimekwisha pona na sindano imebaki desturi tu. Msichana wa Changamwe nilimkumbuka. Sikusema.

Siku ya ishirini hivi nikaumwa na koo. Nikanywa maji ya tangawizi, likapoa. Siku ya thelathini nikaamka na goti.

Yallah! Niliogopa. Nikalifunga kwa kitambaa chini ya leso, nikaenda jikoni kukuna nazi, nikicheka na kila mtu. Mchana tukaswali adhuhuri chumbani, mimi na mavyaa. Nilishindwa kusujudu, nikaswali nimekaa. Yeye alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti nzito, na mimi nilimwogopa kuliko nilivyomwogopa daktari. Alinitazama tu, akakunja mswala. Kesho yake niliswali nimekaa tena. Alipotoa salamu alinigeukia palepale juu ya mswala.

"Umeswali umekaa."

"Nimejigonga goti, mama."

"Jana ulichechemea kwa la kulia. Leo la kushoto. Wajigonga kwa zamu?"

Nikavuta leso nifunike magoti.

"Na nazi moja wakuna unahema kama umebeba gunia la chumvi. Nitazame. Una nini?"

Nikalia. Nilimwambia yote, tangu goti la kwanza mpaka sindano, mpaka shangazi wa uongo, mpaka yule mwenzangu na kitanda chake kilichotandikwa. Nilipomaliza nilingoja neno moja tu, nalo ni talaka. Tasbihi ilisimama mkononi mwa mavyaa. Kisha akaruka, na unene wake ule, akasimama.

"Mtume! Yaani ungenifia humu ndani? Ungenifia humu, na Mombasa nzima iseme mavyaa amemuua mwana wa watu kwa kazi! Nani angeniamini mimi? Nani?"

Amekasirika kwelikweli. Na mimi, maajabu, nikapata faraja. Mtu anayekugombeza hivyo hakufukuzi.

"Mficha uchi hazai," akasema. "Vaa buibui."

"Mama, arubaini bado. Zimebaki siku tisa."

"Na nani aliyeweka arubaini?"

"Nyumba hii."

"Na nyumba hii ni ya nani? Vaa buibui, nimesema!"

Tukatoka mchana peupe. Barazani majirani waliacha kuchambua mchele. Mmoja hakujiweza: "He! Bi harusi yuatoka?" Mavyaa hakupunguza mwendo. "Yuatoka. Na ukitaka kujua aendako, akirudi nitakuja kukueleza mwenyewe, usisumbuke kuulizia." Alikodi teksi. Kwenye daraja la Nyali, lile la zamani lililokuwa likielea juu ya maji na kutikisika kila gari likipita, alinishika mkono akaisoma Ayatul Kursi kwa sauti, na sijui alikuwa akiniombea mimi au akiogopa daraja.

Daktari alikuwa yuleyule, sasa ana mvi. Alinisikiliza kifua muda mrefu, akafumba macho. Alipofumbua alimtazama mavyaa, si mimi. Homa imerudi, alisema. Kovu limeongezeka, lakini mlango bado unafunguka. Ningeletwa mwezi mmoja baadaye, yeye hapendi kusema yangekuwaje. Akaandika vidonge, akaagiza nilale kitandani wiki sita nisiinue hata birika, na sindano ikachomwa saa ileile. Mavyaa aliomba aione chupa. Akaigeuza kwenye mwanga akaiambia, "Kitu kidogo hivi!"

Jioni alimwambia mwanawe. Mimi nilijifunika uso kwa leso. Mume wangu akaketi ukingoni mwa kitanda. "Kwa nini hukuniambia?" aliuliza. Nikasema niliogopa. Akasema, "Mimi ndiye ninayeogopa sasa," akanimenyea chungwa. Ndiyo maneno yote tuliyozungumza juu ya jambo lile, na yalitosha.

Lakini ugonjwa haukuwa umemaliza. Nilikuwa ningali kitandani nilipojigundua nina mimba. Furaha na hofu vilinishika pamoja. Daktari hakuficha. Mimba huutwika moyo mzigo wa watu wawili, na moyo wenye mlango mwembamba waweza kushindwa mwezi wa saba, au wakati wa uchungu, au hata mtoto akisha kutoka, watu wanaposhangilia. Wako wanaovuka na wako wasiovuka. "Kama yeye lala, kama yeye sikia maneno, naweza vuka," alisema. Naweza, anaweza, hakuna aliyesahihisha Kiswahili chake siku hiyo.

Kuanzia pale mavyaa alinitawala. Maji sichoti. Mwiko sishiki. Harusi za watu siendi, msibani siendi. Chumvi iliondolewa katika chakula changu, nacho kikapikwa sufuria ya pekee. Naye, ili nisione unyonge, akala nami. Siku ya kwanza alionja mchuzi ule wa samaki bila chumvi akakunja uso. "Astaghfirullah. Mjukuu wangu akitoka atanilipa." Mwezi ukiandama yeye ndiye wa kwanza kuutafuta, amesimama uani ameshika kiuno. Kesho yake tuko zahanati, na hatukuwa tukienda kwa shangazi yeyote. Mtu akiuliza, huambiwa: sindano.

Mwezi wa saba pumzi ilinipungukia, nikawa nalala nimeegemea mito mitatu. Wakanilaza hospitali. Nje watu walikuwa na mambo yao, mikutano ya uhuru, bendera, wengine wakibishana kama mwambao uende na bara au ubaki peke yake. Mimi dunia yangu ilikuwa kifua changu. Nilihesabu pumzi. Mara nyingi nilimwona yule msichana na sindano yake ya kufumia, na nilisema naye moyoni, sina aibu kusema. Nilimwambia: mimi nataka kurudi nyumbani.

Uchungu ulinishika alfajiri. Hawakuniacha nisukume, daktari alimvuta mtoto kwa koleo zake, na mimi nimeketishwa, muuguzi ameshika mshipa wa mkono wangu, midomo yake inahesabu. Mtoto akalia. Hakuna aliyeshangilia. Wote walikuwa wakimtazama daktari, naye ameinama ananisikiliza kifua, anasikiliza, anasikiliza. Kisha akavua vile vyombo masikioni. "Basi," akasema. "Ngoma iko piga sawasawa." Nikacheka, na kucheka hakukuniumiza. Hapo ndipo nilipoamini. Kwa miaka sikuwa nimevuta pumzi bila kuichunguza, na ile niliivuta tu, kama watu wengine.

Mtoto wa kwanza hupelekwa kwa bibi mzaa mama, na tuliporuhusiwa nikaenda Likoni. Nyumba ilijaa wanawake, udi, kahawa, vicheko. Mama aling'aa. Kwa wageni wake mimi nilikuwa nimezaa kama wanavyozaa wengine, na hospitali ilikuwa uangalifu tu wa mume mwenye kazi bandarini. Wiki ya tatu mwezi ukaandama. Asubuhi yake, chumba kimejaa, hodi ikapigwa kwa sauti niliyoijua. Mavyaa, ametoka Kisauni, amevuka daraja, amevuka feri, jasho linamtiririka. Alimwamkua mama kwa heshima zote. Kisha, mbele ya kila mtu:

"Nimekuja kumchukua mke wa mwanangu akachomwe sindano yake ya moyo."

Nilimwona mama akikaza mkono kwenye sinia. Miaka yote ile ya njia za uongo imemwagika sakafuni mbele ya macho ya Likoni nzima. Nilimwonea huruma. Sikuwa na hasira naye hata chembe.

"Moyo?" akauliza mmoja.

"Moyo," akasema mavyaa. "Ulianza na magoti."

Mwanamke mmoja aliyekaa karibu na mlango, jirani wa nyumba ya tatu, akaweka kikombe chini taratibu. Akasema, kwa sauti ambayo nusura tusiisikie, kwamba binti yake ana wiki mbili magoti yanavimba, leo hili kesho lile, naye anamkanda kwa mafuta. Watu wanamcheka. Ana miaka kumi na mmoja. Akauliza kama hilo nalo laweza kuwa la moyo, au yeye ana wasiwasi bure.

Mavyaa akafungua kinywa, lakini mama alimtangulia. Mama yangu yuleyule. Aliweka sinia chini akasimama.

"Mlete," alimwambia. "Usimkande tena. Wangu alianza hivyo hivyo, nikamficha, nusura nimzike. Mlete sasa hivi, buibui utavalia njiani."

Yule mama akaondoka mbio, viatu ameviacha mlangoni. Tukamngoja.