Msumari wa Nne wa Halvor

Shemeji yangu Halvor ni fundi wa kwato, hupigilia farasi viatu vya chuma, na kwa miaka arobaini hapa Montana hajawahi kukosea. Muulize mwenyewe. Farasi aliyevishwa viatu na Halvor akichechemea, basi kateguka bega, au mwenye farasi kamkimbiza kwenye barafu, au kazaliwa hivyo. Nyani haoni kundule.

Lakini mikono anayo, sitamnyima haki yake. Ndama akikanyagwa na mamaye ukwato ukabanduka, Halvor huusafisha, huufunga kwa nepi ya mtoto na kuizungushia utepe wa gundi, na baada ya wiki chache ndama anaruka. Nepi hununua mwenyewe. Binti wa dukani alipompongeza kwa kupata mjukuu, alimjibu, "Wawili, mama. Wana mikia."

Mwezi Machi, katikati ya msimu wa ng'ombe kuzaa, farasi wetu Prins alishindwa kukanyaga. Huyu ndiye aliyenibebea ndama walioganda kwa baridi, mwaka hadi mwaka, mpaka jikoni kwangu niwapashe moto. Jumanne Halvor alimvisha viatu vipya. Jumapili asubuhi nilimkuta nyuma ya zizi amesimama kwa miguu mitatu, anatetemeka, jasho linamtoka kwenye theluji. Mume wangu Lyle alimtazama, akasema mguu umevunjika. Daktari wa mifugo alikuwa mbali akizalisha ng'ombe wa watu, asingefika kabla ya kesho yake, na Lyle hawezi kuona mnyama akiteseka. Alikwenda kuchukua bunduki.

Nilimpigia Halvor simu huku nalia, wala sioni aibu kusema.

Alikuja na suti yake ya kanisani. Akapapasa bega, goti, kifundo. "Mfupa uliovunjika sijauona," akasema. "Ni bega hili."

"Vua kiatu," nikamwambia.

"Shemeji, kiatu hakina neno. Nimekipigilia mimi."

"Ndiyo maana nakwambia ukivue! Bunduki ile pale, wewe unalinda jina?"

Lyle hakupandisha sauti. "Kaka, kama si mfupa, nionyeshe ni nini. Vinginevyo nampumzisha."

Halvor aliinama. Akaushika ukwato kwa viganja viwili, kisha akabonyeza chini ya kifundo kutafuta mshipa, nami nikaona uso wake unabadilika. Ukwato ulikuwa wa moto, mshipa unadunda kama penye jipu. Akavua koti, akauweka mguu wa Prins mapajani, akaanza kung'oa misumari mmoja mmoja kwa koleo. Mitatu ya kwanza ilitoka mikavu. Alipofika wa nne Prins alijirusha, nusura amwangushe, na msumari ukatoka umelowa usaha mweusi, unanuka.

"Ni mimi!" Halvor akapiga kelele. "Lyle, ni msumari wangu! Nimemchoma nyama mwenyewe! Weka bunduki, mjinga ni mimi!" Alikuwa anacheka huku machozi yanamtiririka kwenye masharubu.

Nilikaa kwenye theluji nikishukuru Mungu. Halvor alilipanua lile tundu kidogo kwa kisu, usaha ukachuruzika. Tuliuloweka ukwato kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu yenye chumvi, tukaufunga nepi. Sindano ya pepopunda ingemsubiri daktari. Prins aliushusha mguu taratibu, akajaribu, kisha akauegemea. Lyle akatoa risasi kwenye bunduki.

"Kwa hiyo umekosea," nikamchokoza Halvor, maana nafasi ile singeiacha.

"Nimekosea, shemeji. Watangazie wote." Akafuta pua kwa tai. "Miaka yote nilikuwa namwomba Mungu nisikosee. Leo nilipousikia ule moto kiganjani, nikamwomba kosa liwe langu."